Chembe Gani? Istilahi za Utafiti wa Mimea na Chembenano katika Tiba ya Saratani

1. Utangulizi

Ililetwa mezani kwetu makala moja ya afya ili tuisahihishe Kiswahili chake kabla haijachapwa. Katikati ya makala hiyo tulikuta sentensi hii: "Chembe ndogo sana za mwarobaini zimethibitika kuua chembe za saratani." Sarufi ya sentensi hiyo haina kosa. Upatanisho wa ngeli ni sahihi, na kila neno lililomo ni la Kiswahili. Hata hivyo ni sentensi yenye hatari, na makala haya yanakusudia kueleza hatari hiyo na kupendekeza istilahi zitakazoiondoa.

Hatari yenyewe hatukuigundua ofisini. Tuliichukua sentensi hiyo pamoja na karatasi zetu nyingine tulipokwenda Mkoa wa Singida kukusanya majina ya mimea ya dawa. Kwa mujibu wa utaratibu wa kuunda istilahi, neno hutafutwa kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Kwa kazi ya namna hiyo Singida ni mahali pa pekee. Humo mna Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni lugha za Kibantu. Mna Kibarabaig, ambacho asili yake ni ya Kiniloti. Mna Kiiraqw, ambacho ni cha Kikushi. Na huko Mkalama wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijapatiwa ndugu aliye dhahiri. Ni mikoa michache nchini inayokusanya lugha za asili tofauti kiasi hicho.

Tulipokuwa tumeketi na wazee chini ya mwarobaini, tuliwasomea sentensi ile tupate kujua inaeleweka vipi. Mama mmoja mtu mzima alisikiliza, akatazama juu mtini, kisha akauliza: "Wanangu, mdogo wangu ana uvimbe kwenye titi. Hospitali wamemwandikia barua ya rufaa, na sasa tunatafuta nauli. Kama mti huu unaua saratani, nauli ya nini tena? Si nichemshe majani tu?"

Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Mama yule hakukosea kuelewa. Alielewa barabara kile ambacho maneno yalisema. Waliokosea ni sisi watu wa lugha, ambao tumeacha maneno manne au matano yabebe mzigo yasiouweza.

2. Neno moja, vitu viwili

Tuanze na neno chembe. Katika Kiswahili cha kawaida chembe ni kipande kidogo sana cha kitu: chembe ya mchanga, chembe ya mtama, na hata chembe ya huruma. Elimu ya viumbe ilipoanza kuandikwa kwa Kiswahili, neno hilo liliazimwa kutaja kijenzi kidogo cha mwili wa kiumbe, ndipo tukapata chembe hai, na chembechembe nyeupe za damu. Baadaye neno seli likatoholewa na kuenea shuleni, lakini chembe halikuondoka. Magazeti na redio huendelea kusema "chembe za saratani" na "seli za saratani" kana kwamba ni mamoja.

Jambo hilo halikuleta shida kubwa wakati tulipokuwa tukizungumza juu ya seli peke yake. Shida imeletwa na utafiti mpya, ambao unatumia vitu vidogo mno visivyo seli. Vitu hivyo hupimwa kwa nanomita. Mita moja ikigawanywa mara bilioni moja, kila kipande kitakuwa nanomita moja. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hadi 8,000. Ama vitu tunavyovizungumzia hapa, vingi vyavyo havizidi nanomita mia mbili hivi. Kwa hiyo katika sentensi ile "chembe" ya kwanza ni kitu kisicho na uhai, kilichotengenezwa na mtu, na "chembe" ya pili ni kiumbe hai kilicho kikubwa kuliko cha kwanza kwa mara nyingi. Msomaji hana njia ya kujua tofauti hiyo.

Tunapendekeza basi kwamba katika maandishi ya sayansi seli litumike peke yake kwa kijenzi cha mwili wenye uhai, na chembe libaki na maana yake ya asili, yaani kipande kidogo cha kitu chochote. Kile kinachopimwa kwa nanomita kiitwe chembenano.

Yamkini wako watakaouliza kwa nini isiwe nanochembe. Jibu ni kwamba Kiswahili hutanguliza neno kuu na kufuatisha lile linalolifafanua. Husema batamzinga na mwanasiasa. Hakianzi na mzinga wala na siasa. Wengine wamependekeza kuitafsiri nano yenyewe. Asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mtu mfupi sana, na mara moja likazuka wazo la kutumia neno mbilikimo. Hatuliungi mkono wazo hilo. Kipimo cha sayansi kisiundwe kwa jina ambalo wapo watu wanaoitwa kwalo kwa dharau. Aidha nano imekwisha kuingia katika nanoteknolojia na nanomita, na kuibadilisha sasa ni kuwapa wanafunzi kazi mara mbili.

3. Mmea, kamuo, kampaundi

Sentensi ile ilisema "chembe za mwarobaini." Je, ni za mwarobaini kweli? Mwaka 2004 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kazi ambayo walitumia maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini kutengenezea chembenano za dhahabu na za madini ya fedha. Vitu vilivyomo katika majani huyageuza madini yaliyoyeyushwa majini yakawa chembe ngumu, na pia huzizuia chembe hizo zisigandamane. Tangu hapo watafiti wengi katika nchi mbalimbali wameifuata njia hiyo kwa mimea mingine. Ni dhahiri basi kwamba katika kazi za namna hiyo chembe yenyewe ni ya madini. Mwarobaini ni kama moto wa mhunzi, si jembe. Anayechemsha majani nyumbani hapati chembenano hata moja ya fedha, kwa sababu fedha haikuwamo chunguni.

Tuonye hapa kwa kupita kwamba "chembe za fedha" nayo ina utata wake. Mzee mmoja alituuliza kwa mzaha kama hizo ni senti. Iandikwe "madini ya fedha."

Katika kazi nyingine kinachotafutwa ni kitu kilichomo ndani ya mmea wenyewe. Hapa tunahitaji maneno matatu yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, na Singida imetupa mfano mzuri wa kuyaeleza. Mkoa huu unajulikana kwa alizeti. Mkulima huanza na mbegu. Mbegu hupelekwa mashineni kukamuliwa. Hutoka mafuta ghafi upande mmoja na mashudu upande wa pili. Mafuta ghafi yakichujwa na kusafishwa hupatikana mafuta safi. Hakuna mkulima wa Singida anayechanganya mbegu na mafuta, wala mafuta na mashudu. Basi vivyo hivyo mmea si kile kilichotolewa ndani yake, na kilichotolewa nacho si kitu kimoja bali ni mkusanyiko wa vitu vingi.

Kile kinachotolewa katika mmea kwa kuloweka, kuchemsha au kukamua wengine wamekiita dondoo. Neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa wahariri, ambao hulitumia kwa maana ya sehemu iliyochukuliwa katika maandishi. Tunapendekeza kamuo, kutokana na kitenzi kukamua. Mganga mmoja wa Singida alitupinga kwamba dawa inayochemshwa haikamuliwi. Hoja yake ina uzito. Hata hivyo kitenzi hicho kimekwisha kutanuka: twakamua maziwa, twakamua miwa, twakamua alizeti, na kila kazi ina namna yake. Kinachobaki katika zote ni ile maana ya kukitoa kilichomo na kuliacha ganda. Kwa sababu hiyo tumelishikilia neno letu, huku tukimshukuru mzee kwa kutulazimisha kulitetea.

Ndani ya kamuo moja mna vitu vingi, na kimoja chao ndicho pengine chenye nguvu inayotafutwa. Watafsiri wengi hukiita "mchanganyiko," na hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, ambayo mji wa Singida umekaa kandokando yake, yana maji ya chumvi. Maji na chumvi ni mchanganyiko. Jua likikausha maji, chumvi hubaki. Lakini chumvi ya kula yenyewe imefanyizwa kwa sodiamu na klorini, ambavyo vimeshikamana hata vikawa kitu kipya. Sodiamu peke yake ni metali inayowaka ikiguswa na maji, na klorini peke yake ni gesi yenye sumu. Vikiungana hutiwa mchuzini. Kitu cha namna hiyo, ambacho viini vyake vimeungana kwa kipimo maalumu na kupata tabia mpya, ndicho kampaundi. Neno hili ni la kutohoa, nalo limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule. Hatuoni sababu ya kuliacha.

Tofauti hiyo ina faida gani kwa mgonjwa? Ni kwamba kampaundi yaweza kupimwa na kamuo haliwezi kupimwa vivyo hivyo. Majani ya mti mmoja yaliyochumwa kiangazi na yaliyochumwa masika hayalingani kwa nguvu. Kampaundi iliyotengwa na kusafishwa hutolewa kwa miligramu, na kwa hiyo daktari anaweza kujua mahali ambapo dawa hugeuka sumu.

4. Safari ya kampaundi mpaka kwenye uvimbe

Wasomaji wasidhani kwamba twaidharau mimea. Dawa kadhaa zinazotumika leo hospitalini kutibu saratani zilianzia majanini na magomeni. Lile ua la waridi na jeupe la asili ya Madagaska, ambalo hupandwa katika bustani za miji yetu mingi, na ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus, ndilo lililotoa vinkristini na vinblastini. Robert Noble na Charles Beer waliitenga vinblastini nchini Kanada mwaka 1958, walipokuwa wakichunguza majani hayo kwa sababu yalisifiwa kuwa dawa ya kisukari. Vinkristini, ndugu yake, imewaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu.

Mfano wa pili ni paklitakseli. Magamba ya mti uitwao Taxus brevifolia yalikusanywa Marekani mwaka 1962. Monroe Wall na Mansukh Wani wakishirikiana na wenzao walichapisha umbo la kampaundi hiyo mwaka 1971. Nayo iliidhinishwa kuwa dawa nchini humo mwaka 1992. Tangu gamba mpaka idhini ni miaka 30. Hata baada ya hapo ilibaki shida moja: paklitakseli haiyeyuki katika maji. Ilibidi ichanganywe na kiyeyushi kilichotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, na kiyeyushi hicho chenyewe kiliwadhuru baadhi ya wagonjwa. Hapo ndipo chembenano zilipopata kazi yao. Paklitakseli ilifungamanishwa na albumini, ambayo ni protini iliyomo katika damu, zikapatikana chembenano za nanomita 130 hivi, na kile kiyeyushi kikaachwa. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ukizipanga chembe zake katika mstari mmoja, zaidi ya 50 zitaenea katika upana wa seli moja nyekundu ya damu.

Mfano wa tatu ni wa kwetu Afrika ya Mashariki, na una funzo chungu. Katika miaka ya 1970 kampaundi iitwayo maytansini ilitengwa katika miti ya jamii ya Maytenus. Ili kupata mali ya kufanyia majaribio, mwaka 1976 zilikusanywa tani 27.2 za mti wa Maytenus buchananii katika hifadhi ya Shimba Hills, huko Kwale, nchini Kenya. Miaka minne baadaye watafutaji waliporudi walipata taabu kukusanya hata tani 8, kwa kuwa miti ilikuwa haijachipua vya kutosha. Na maytansini yenyewe ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana kuwa na sumu kali mno, ikaachwa. Lakini haikusahauliwa. Wataalamu waliichukua kampaundi ya jamii yake, ambayo sasa hupatikana kutokana na bakteria, wakaifungamanisha na kingamwili inayotambua aina fulani ya seli za saratani ya titi. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kingamwili si chembenano kwa maana kamili ya neno hilo, lakini nia ni ile ile: kuifikisha sumu mahali pake na kuiepusha na pengine.

Kwa kitu kinachobeba dawa namna hiyo tunapendekeza neno kichukuzi cha dawa. Wengi huandika "gari la dawa," ambalo huleta kicheko. Mchukuzi ni mtu abebaye mzigo wa mwenzake mpaka mahali palipotajwa, na kichukuzi ni kitu kifanyacho hivyo. Isifikiriwe kwamba kichukuzi hakipotei njia. Mishipa ya damu iliyomo katika uvimbe wa saratani mara nyingi ina nyufa, na chembenano hupenya humo. Lakini kilichofaulu vizuri kwa panya hakikufaulu kwa kiasi hicho kwa binadamu, na chembenano nyingi huishia katika ini na wengu.

5. Kuua, kutibu, kuponya

Sasa tumefika kwenye kitenzi cha sentensi ile, yaani kuua. Kampaundi kadhaa za mwarobaini, mojawapo ikiwa nimbolidi, zimeonekana kuua seli za saratani katika vyombo vya maabara. Hilo ni kweli. Lakini hata maji ya moto na siki huua seli zilizomo chomboni. Kazi ngumu ni kuua seli mbaya katika mwili wa mtu na kuziacha nzuri zikiwa hai.

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi katika jambo hili. Kutibu ni kuushughulikia ugonjwa kwa dawa au kwa njia nyingine, ukipona usipone. Kuponya ni kuuondoa. Kuganga ni neno la kale lenye kubeba yote mawili pamoja na faraja. Ndiyo maana twasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watafsiri huvichanganya vitenzi hivi kwa sababu ya kutaka habari ivutie. Twashauri sheria moja nyepesi: kila taarifa ya utafiti itaje ni jaribio la ngazi gani. Jaribio la maabara hufanywa kwa seli zilizomo chomboni. Jaribio la wanyama hufanywa kwa panya na wengineo. Jaribio la wagonjwa hufanywa kwa binadamu waliokubali kwa hiari yao baada ya kuelezwa. Pasipofika ngazi ya tatu, kitenzi kutibu kisitumike, na kuponya kisitajwe kabisa.

6. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Seli: kijenzi kidogo chenye uhai cha mwili wa kiumbe. Isiitwe chembe.

Chembe: kipande kidogo cha kitu chochote.

Chembenano: chembe ambayo vipimo vyake huhesabiwa kwa nanomita. Umoja na wingi ni sawa.

Uvimbe: sehemu ya mwili iliyovimba au kuota. Si kila uvimbe ni saratani, wala si kila saratani ina uvimbe.

Kamuo (makamuo): kitu kilichotolewa katika mmea kwa kuloweka, kuchemsha au kukamua.

Kampaundi: kitu kilichofanyizwa kwa elementi mbili au zaidi zilizoungana kwa kipimo maalumu.

Kichukuzi cha dawa (vichukuzi): kitu kinachobeba dawa mwilini kuifikisha mahali palipokusudiwa.

Jaribio la maabara, jaribio la wanyama, jaribio la wagonjwa: ngazi tatu za kuipima dawa kama zilivyoelezwa hapo juu.

7. Hitimisho

Kabla ya kuondoka Singida tuliiandika upya ile sentensi, tukawasomea wazee wale wale: "Katika jaribio la maabara, chembenano za madini ya fedha zilizotengenezwa kwa kamuo la majani ya mwarobaini ziliua seli za saratani zilizokuwa chomboni." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina mvuto wa kichwa cha habari. Ilibidi tueleze kamuo na chembenano kwa mfano wa alizeti, na hapo ndipo ilipoeleweka. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo hajapewa mtu bado?" Tukamjibu kwamba sentensi hiyo haisemi kuwa amepewa mtu yeyote. Akasema, "Basi nauli tuendelee kuitafuta."

Hatukumshawishi kwa lolote, wala si kazi ya watu wa istilahi kuagiza dawa. Wagonjwa wengi wa saratani nchini hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea, na sababu zake ni nyingi: umbali, umaskini, hofu. Neno baya lisiwe mojawapo. Baraza linawaomba wasomaji, hususa waganga wa tiba asili, madaktari, walimu wa sayansi na waandishi wa habari, watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi, pamoja na maneno bora zaidi kama wanayo, ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.